Ras Jimbo: Kijiji cha Mpakani na Maana ya "Mvuvi Mwenyeji"

Jimbo ni kijiji cha wavuvi katika Kaunti ya Kwale, kusini kabisa mwa pwani ya Kenya, jirani na Vanga. Ng'ambo ya mpaka ipo Jasini, katika Mkoa wa Tanga, Tanzania. Wadigo wanaishi pande zote mbili, nacho Kiswahili kinaeleweka kote.

Mpaka huo haukuwekwa na wenyeji. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kwamba mstari wa kugawa maeneo yao uanzie mlango wa mto Umba kuelekea Ziwa Jipe. Mataifa huru yaliurithi, na azimio la Umoja wa Nchi Huru za Afrika la mwaka 1964 likathibitisha urithi wa namna hiyo barani kote.

Baharini, hata hivyo, ilibidi makubaliano mapya yafikiwe. Kwa barua zilizobadilishwa kati ya Desemba 1975 na Julai 1976, Kenya na Tanzania ziliuanzisha mpaka wa bahari kwa kupimia alama ya Ras Jimbo. Barua hizo pia ziliwaruhusu wavuvi wenyeji wa nchi zote mbili, wanaovua kwa ajili ya kujikimu, kuvua ndani ya maili 12 za baharini kila upande wa mpaka, na leseni zao zitambuliwe na pande zote. Mwaka haujatimia, mpaka ukafungwa mnamo 1977, na haukufunguliwa hadi 1983.

Tatizo linaloihusu taaluma ya Kiswahili ni la istilahi. Matini ya makubaliano ni ya Kiingereza, ilhali anayesimamishwa baharini na anayemsimamisha huzungumza Kiswahili. Je, mwenyeji ni kwa kuzaliwa, kwa makazi au kwa uraia? Na kujikimu kunakoma wapi? Mvuvi anayeuza sehemu ya samaki wake ili anunue unga na mafuta ya taa anajikimu kwa maana ya kijijini; kwa ofisa, huenda akahesabiwa mfanyabiashara. Tofauti hiyo ya maana yaweza kumpotezea mtu chombo na nyavu.

Kwa hiyo, tafsiri rasmi ya vifungu vya uvuvi inapaswa kuandaliwa kwa pamoja na wataalamu wa lugha na sheria wa nchi zote mbili, ikajadiliwa na wavuvi wa Jimbo na Jasini kabla ya kuidhinishwa. Haki isiyotajika kwa lugha ya mwenyewe ni vigumu kudaiwa.