Dripu na watoto mahututi: Takwimu zilipopinga macho ya madaktari

Mzazi anayetoka Marigat au Molo na mtoto mwenye homa kali hadi hospitali ya rufaa ya Nakuru hutarajia kuona dripu ikitundikwa upesi. Hata madaktari walifunzwa hivyo kwa miaka mingi, hadi utafiti ulioanza mwaka 2009 katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, Kilifi ikiwemo, ulipotia doa imani hiyo.

Watafiti wakiongozwa na Profesa Kathryn Maitland waliwalinganisha watoto 3,141 wenye homa kali na dalili kwamba damu haikuzunguka vyema mwilini. Waligawanywa kwa kura. Makundi mawili yalipewa maji mengi ya mishipa kwa haraka, moja maji ya chumvi, jingine albumini. La tatu lilipewa maji ya kawaida polepole. Bila kura, daktari angewapa dripu nyingi wale waliozidiwa zaidi, na wakifa, nani angejua kilichowaua ni dripu au ugonjwa?

Kufikia saa 48, katika makundi mawili ya kwanza walikuwa wamefariki watoto 221 kati ya 2,097, yaani asilimia 10.5. Katika la tatu walifariki 76 kati ya 1,044, asilimia 7.3. Usajili ulisitishwa Januari 2011.

Waweza kusema hatari ya kifo iliongezeka kwa asilimia 45, au kwamba walikufa watoto watatu zaidi katika kila 100. Kauli zote mbili ni kweli. Ya kwanza hutupendeza sisi wa magazeti kwa kuwa hushtua. Ya pili ndiyo inayoeleza kwa nini hitilafu hiyo haikutambuliwa mapema: daktari aliyetibu watoto 10 wa aina hiyo angetarajia kupoteza mmoja hivi, kwa njia yoyote ile. Tena waliopewa maji kwa haraka walionyesha nafuu zaidi katika saa ya kwanza. Vifo vilikuja baadaye.

Hata hivyo, watoto wenye kuhara, utapiamlo mkali au majeraha ya moto hawakuhusishwa. Mzazi ambaye mwanawe ameishiwa maji kwa kuhara asikatae dripu kwa kutaja utafiti huu. Amwulize daktari iwapo ugonjwa wa mtoto wake ni ule uliochunguzwa.