Bulo moja ikivunjika, musipakie

Viazi vikishavunwa vizuri, bado viko na barabara ya kupita. Tumeona pikapu zinashuka milima na bulo 5 kwa 6, watu wamekaa juu ya mifuko. Dereva anasema zilizobaki zinatosha. Hazitoshi. Bulo moja ikikosa, zile za pembeni zinabeba uzito wake, zinachoka, zinakatika, na gurudumu linatoka.

Kwenye duka mupeleke ile ya zamani mukononi, maana bulo ya Toyota moja haiingie kila Toyota.

Mulegeze ekru gurudumu likiwa bado chini, ndipo munyanyue na kriki, magurudumu mengine yamezuiwa na mawe. Mutoe gurudumu na tamburi ya freni. (Yenye disiki inaomba kazi zaidi, muachie fundi.) Bulo mbovu inapigwa nyundo kuelekea ndani. Mpya inaingia toka nyuma: meno ya shingo yake yakae sawa katika tundu, kisha muivute kwa ekru ya zamani na rondeli, hadi kichwa kishike kabisa. Kuchomelea bulo ni kujidanganya, moto unaharibu ule chuma.

Kwenye janti ya chuma, upande wa ekru wenye koni unaangalia janti. Mukaze kwa kuruka, moja na ya ng'ambo yake, bila grisi. Kiisha kilometa 50 mpaka 100, mukaze tena.

Na kama tundu la janti limekuwa refu sawa yai, janti itupwe. Bulo mpya haitaiponya.