Je, Wajua? Usipokee Gari Lililolowa

• Magari mengi "mapya" yanayofika Kakamega yametumika Japani. Kenya huruhusu yasiyozidi miaka 8.

• Karatasi ya mnada, inayoandikwa gari linapouzwa mnadani Japani, huonyesha mchoro wa bodi wenye alama. A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi upya. Namba huonyesha ukubwa: A1 hauonekani kwa urahisi, A3 unaonekana wazi. XX ni kipande kilichokwisha kubadilishwa. Mwombe muuzaji karatasi hiyo.

• Kutoka bandari ya Mombasa hadi Kakamega ni zaidi ya kilomita 800. Gari likiendeshwa njia nzima, kokoto huweza kudonoa boneti na bampa. Kwa hiyo picha za bandarini hazitoshi. Likague tena likifika.

• Maji huficha mikwaruzo. Mvua ya Kakamega hupenda kunyesha alasiri, basi nenda asubuhi, gari likiwa safi na kavu. Chuchumaa, utazame ubavu kwa mshazari: palipobonyea, taswira inayoakisiwa hupinda.

• Sumaku hushika bati, lakini hulegea penye fila nene iliyojazwa kuziba palipobonyea.

• Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, humpa mnunuzi nafasi ya kukagua kabla ya kuhesabiwa amekubali mali. Lakini ukishakagua, ni vigumu kulalamikia kasoro iliyokuwa wazi. Piga picha, iandike kasoro kwenye hati ya makabidhiano, muuzaji atie sahihi, ndipo uchukue ufunguo.