Chupa za Maji Chini ya Barabara

Aliyejenga Kitengela, au kwenye mbuga za Shinyanga, anaujua udongo mweusi wa mfinyanzi kwa hasara yake. Masika huvimba na kung'ang'ania viatu. Kiangazi hunywea na kupasuka nyufa zinazomeza mkono. Kuta hupata mipasuko, barabara hugeuka mawimbi.

Chanzo ni madini yaitwayo montimorilonaiti. Chembe zake ni vibamba vyembamba vilivyopangana, na maji huingia kati yake yakavitanua. Dawa iliyozoeleka ni kuuondoa udongo huo na kujaza moramu, au kuuchanganya na chokaa. Moramu ikitoka mbali, nauli peke yake inatisha.

Ndipo wahandisi wakaigeukia chupa ya maji. Huoshwa, hukatwa vipande vya upana wa kama milimita 5 na urefu wa 15 hadi 30, kisha huchanganywa na udongo kwa kiasi kidogo mno, mara nyingi kati ya asilimia 0.2 na 1 ya uzito wake, na kushindiliwa. Kazi yake ni ileile ya nyasi katika udongo wa kukandikia nyumba: ufa ukianza kufunguka, kipande kilichokatiza hapo huvutwa huku na huku na kuuzuia. Udongo huvumilia kubanwa, si kuvutwa.

Maabara hupima hivi: sampuli iliyoshindiliwa hulowekwa siku 4, halafu mche wa chuma wenye kipenyo cha takriban milimita 50 husukumwa ndani taratibu, milimita 1.27 kwa dakika. Nguvu iliyotumika hulinganishwa na ya kokoto za kiwango maalumu. Udongo mweusi mtupu mara nyingi huambulia asilimia 2 au 3. Plastiki huipandisha alama hiyo, ila ukiizidisha vipande hugusana vyenyewe kwa vyenyewe, huteleza, na nguvu hushuka tena. Anayedhani barabara ni jalala la kumalizia taka zote za mji atavunjika moyo.

Tena plastiki haigusi madini yenyewe. Kiu ya udongo inabaki palepale. Kinachoibadili ni chokaa, kwa kalsiamu yake. Hata hivyo, udongo wa chokaa ukikomaa huwa mgumu lakini mwepesi kukatika, na hapo vipande vya chupa huusaidia usikatike ghafla. Kwangu mimi, viwili hivi kwa pamoja vina maana kuliko plastiki peke yake.

Kazini kuna adha ambazo maabara haizioni: mabonge ya mfinyanzi hayachanganyiki vizuri, na upepo huvipeperusha vipande. Vikibaki juu, jua na magurudumu huvisaga kuwa chembe zinazosombwa na mvua hadi mitoni, kwa hiyo lazima vifunikwe na tabaka la juu.

Barabara ya mtaani yenye mitaro inayopitisha maji, ningeikubali ijengwe hivi. Nyumba yako, hapana: mwite mhandisi aupime udongo kwanza, kabla hujamwaga zege.