Mkonga Namba A, Mishe za Kila Siku

Wanangu wa Babati, tuongee ndinga. Msela akishika mpunga wa mbaazi au wa mpunga wenyewe wa Magugu, kijiweni ataambiwa avute Crown au IST, namba D, ringi zinang'aa, muziki unagonga mpaka Bonga. Poa, hizo zina raha yake. Ila mimi nasimama na masela wanaovuta chuma cha zamani: Land Cruiser mkonga namba A, au Land Rover 110 iliyomzidi umri anayeiendesha. Na iwe ya kila siku, ya kutoka nayo geto asubuhi na kurudi nayo usiku. Chuma cha kupaki ili kipigwe picha hakitusaidii.

Sababu ya kwanza ni njia zetu. Lami tunayo: ya Arusha, ya Singida, na ile ya Dodoma, kilomita 251, iliyozinduliwa 2018. Kama mishe zako zote zinaishia kwenye lami, chukua IST, utaokoa wese kinoma. Lakini mkwanja wa Manyara mwingi uko pembeni ya lami. Uko Bonde la Kiru kwenye miwa, uko mbele ya Gallapo ukielekea Simanjiro, uko vijiji vya juu kule Madunga. Masika ikipiga, udongo mweusi unashika tairi na gari ndogo inakalia tumbo. Anayenunua mazao shambani kipindi hicho anapata bei ya shambani. Anayesubiri barabarani ananunua kwa dalali.

Sababu ya pili ni injini. Chukua 1HZ, ile dizeli ya mkonga iliyoanza kufungwa 1990: lita 4.2, silinda sita, haina tabo wala kompyuta. Pampu yake inasukuma wese kwa mitambo mitupu. Ikizingua porini, fundi anaifungua kwa spana na kuijua kwa masikio. Gari ya kisasa ikiwasha taa ya injini huko huko, unaanza kutafuta mashine ya kuipima, na mashine iko mjini. Land Rover nazo zina heshima yake. Tangu ya kwanza ionyeshwe Amsterdam 1948, bodi zake ni za alumini, haziliwi na kutu kirahisi. Oktoba 2024 zilijazana Arusha kwenye tamasha lililolenga kuvunja rekodi ya msafara wa gari 632 iliyowekwa Ujerumani 2018. Vyuma vingi pale vilikuja kwa magurudumu yake, na umri wake mnaujua.

Sasa, kuinunua. Ukiagiza ya zamani kutoka nje, TRA inakuongezea ushuru wa uchakavu, kwa hiyo masela wengi wanatafuta iliyopo tayari nchini: iliyotoka misheni, kwenye mradi, au kwenye mnada wa magari ya serikali. Gari za hivyo zimepigishwa kazi kweli, ila nyingi zilikuwa na ratiba ya sevisi. Uliza daftari la sevisi kabla ya kuuliza bei.

Siku ya kuikagua, fika alfajiri na fundi wako, siyo fundi wa muuzaji. Weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, kuna mtu ameshaipasha ili kuficha kitu. Iwasheni ikiwa baridi, mmoja akae nyuma kwenye ekzosi. Moshi mweupe kidogo unaokatika mapema hautishi, asubuhi za Babati zina baridi. Usipokatika, nozeli na pampu ziangaliwe. Wa bluu ni oili inayoungua. Mweusi mzito ni filta ya hewa iliyoziba au dizeli inayozidi. Kisha fungua kifuniko cha oili injini ikiunguruma: upepo ukitoka kwa nguvu, ringi za pistoni zimechoka, na hapo andaa hela ya kushusha injini.

Halafu lala chini ya gari. Hata Land Rover yenye bodi ya alumini, chesisi yake ni ya chuma. Igonge kwa nyundo ndogo kutoka mbele mpaka nyuma. Chuma kizima kinalia, kilicholiwa na kutu kinajibu kwa sauti butu. Palipopakwa rangi nzito, gonga mara mbili. Inua tairi la mbele kwa jeki, lishike juu na chini, ulitikise, usikie beringi zinavyocheza. Ingiza foo wili na gia nzito, upande nayo kilima. Kama muuzaji hajui taiming belti ilibadilishwa lini, ibadilishe kabla ya safari yoyote. Ikikatika, injini inaumia vibaya.

Kimeo kikubwa kuliko vyote kinakaa kwenye karatasi. Soma namba ya chesisi kwenye chuma, ilinganishe na kadi, herufi kwa herufi. Cheki kama namba ya gari ina faini za trafiki. Mkataba uandikwe kwa mwanasheria, umiliki ubadilishwe TRA, ndipo mkwanja wa mwisho utoke. Muuzaji anayekuharakisha, achana naye.

Gharama nayo tuiseme wazi. Mkonga unakula lita moja kwa kilomita saba mpaka tisa, kwa hiyo kila EWURA inapotangaza bei mpya, Jumatano ya kwanza ya mwezi, wewe unahusika. Afueni ni kwamba ile ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilifutwa 2017. Kila mzigo unaopiga, tenga fungu la spea kabla hujala bata. Ukitaka kubeba abiria kwa nauli, pata leseni ya LATRA. Na chuma cha zamani hakina eabegi, kiko juu, kinapinduka ukikikimbiza kwenye kona. Funga mkanda, shuka mteremko kwa gia, utafika.

Mwanangu, piga hesabu ya njia zako za mwaka mzima, siyo za kiangazi tu. Kama nusu yake ni vumbi na tope, mkonga uliokaguliwa vizuri ni kitendea kazi chako. Utaufanyia sevisi, utakulisha, na siku ukitaka kuuza, wateja wake watakuwepo hapa hapa Manyara, kwa sababu hizi njia ni za wote.