Jinsi Plastiki Inavyoandaliwa Kupokea Damu

Mgonjwa wa kisukari akigusisha tone la damu kwenye ncha ya stripu ya kupimia sukari, damu huingia yenyewe. Ndani ya stripu mna mfereji mwembamba, na chini ya mikrolita 1 ya damu huujaza mara moja. Usipojaa, mashine hukataa kusoma, au, hatari zaidi, hutoa namba isiyo ya kweli. Namba hiyo ndiyo mgonjwa anayoitegemea kuamua achome insulini kiasi gani.

Kikwazo ni plastiki. Stripu nyingi hutengenezwa kwa polyesta, ambayo ni imara na nafuu, ila maji hayatandai vizuri juu yake. Na damu sehemu kubwa ni maji. Hapo ndipo plazma inapohitajika. Siyo ile plazma ya damu: hii ni gesi iliyopitishiwa nguvu za umeme mpaka baadhi ya atomu zake zikapoteza elektroni, kama inavyotokea kwenye njia ya radi. Utepe wa polyesta ukipitishwa kwenye plazma, vifungo vya kikemia vya usoni hukatika na oksijeni hujipachika palipokatika. Oksijeni hiyo huvuta molekuli za maji, na tone lililokuwa limejikusanya hutandaa. Badiliko huishia nanomita chache tu. Chini ya hapo polyesta hubaki na uimara wake wote.

Kazi hiyo hutangulia kupaka kimeng'enya kinachofanya kazi na sukari, kwani plazma ingekiharibu. Kimeng'enya hupakwa kikiwa kimiminika, na uso uliotayarishwa sawasawa hukifanya kikauke kwa unene unaolingana. Kikirundikana ukingoni, stripu mbili za kichupa kimoja zaweza kutoa majibu tofauti kwa damu ileile.

Ugumu uko kwenye kiasi. Plazma ikipungua, damu husita. Ikizidi, minyororo ya plastiki hukatikakatika, uso hulegea na gundi haishiki. Hata uso uliotayarishwa vyema huchakaa: siku zikipita, molekuli hugeuka na kuificha oksijeni ndani. Kwa hiyo kiwanda makini hupima uso kwa wino maalumu, kisha huendelea na hatua inayofuata bila kuchelewa.

Kiwango cha kimataifa cha ISO 15197 cha mwaka 2013 kinataka asilimia 95 ya majibu yasipishane na kipimo cha maabara kwa zaidi ya asilimia 15, sukari inapofika 5.55 mmol/L au zaidi. Kiwango hicho hakifikiwi kwa ubora wa mashine peke yake. Wanaonunulia hospitali stripu wasiishie kuuliza bei. Wadai ushahidi kwamba kila toleo linalingana na lililotangulia. Nawe unayepima nyumbani, funga kichupa mara tu unapotoa stripu, maana unyevu huharibu kimeng'enya, na usitumie iliyopitwa na tarehe.