Fahamu: Mkadiria hasara wa bima ya safari

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, Zanzibar ilipowalazimu wageni watokao ng'ambo kukata bima ya safari ya dola 44 kwa Shirika la Bima la Zanzibar, wengi huuliza ni nani aamuaye fidia ilipwe au isilipwe.

Katika biashara ya bima uamuzi huo ni wa kampuni, ukiegemea uchunguzi wa mkadiria hasara, ambaye, kabla ya kutia saini, huilinganisha stakabadhi ya hospitali na muhuri wa pasipoti, tarehe kwa tarehe, na aliyepotelewa na begi humtaka hati ya shirika la ndege iliyoandikwa pale pale uwanjani. Kumwita bahili, nionavyo, si insafu: masharti ya mkataba humfunga yeye kama yamfungavyo mdai, na maradhi ya kale yaliyofichwa aghalabu hubatilisha dai, hata maumivu yakiwa ya hakika.